Sabuni ya Mama na Jicho la Kushoto

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja soda ya kutengenezea sabuni iliporukia jicho langu la kushoto na kuliua. Mama aliwaambia watu ni utomvu wa mnyaa, na mimi nikawaambia watu hivyohivyo kwa karibu miaka kumi na tano. Sasa mama amefariki, na ninaandika ilivyokuwa.

Tuliishi Kabasa, Bunda, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyozungukwa na ua wa minyaa, kama nyumba nyingi za pale. Mnyaa hausumbui. Unachomeka tawi, linashika, na baada ya mvua mbili umepata ua. Mbuzi hawali, kwa sababu ukiuvunja unatoa maziwa meupe yanayowasha, na kila mtoto aliambiwa tangu anatambaa kwamba maziwa yale yakiingia jichoni ni upofu. Ndiyo maana maneno ya mama yalikubalika bila mtu kuuliza mara ya pili.

Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kazi ilipopungua alivuka ziwa kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe kuvua. Mwaka wa kwanza alirudi na gunia la samaki wakavu. Mwaka wa pili ilirudi salamu tu, na nyuma ya salamu habari kwamba ameshajenga kule na ana mke. Mama alibaki na watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Hakulia mbele yetu. Alianza kutengeneza sabuni.

Miaka ile sabuni haikuwepo. Sisemi ilikuwa ghali, nasema haikuwepo. Duka la ushirika likipata, majina yalisomwa kutoka orodha ya balozi wa nyumba kumi, na mche mmoja ulikatwa kwa uzi kugawanywa kwa nyumba nne. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai, mashuka yakawa na rangi ya kijani isiyotoka. Wengine walifua kwa majivu matupu mpaka vidole vikapasuka. Shuleni mwalimu aliacha kukagua kola za mashati, kwa sababu ya kwake pia ilikuwa hivyohivyo.

Mama alijifunza sabuni akiwa msichana, kwenye darasa la akina mama kanisani, na alikuwa hajawahi kuitumia elimu ile. Majivu yalikuwa tele Bunda. Baada ya kuvuna pamba kila mkulima aliamriwa kung'oa miti yake na kuichoma, na sisi tulizunguka mashambani na madebe kuzoa majivu kabla mvua haijayalowanisha. Mama aliyajaza kwenye debe lililotobolewa chini, akamimina maji ya mvua, na yale yaliyodondoka yakiwa na rangi ya chai aliyapima kwa yai. Yai likizama, maji bado dhaifu. Likielea na kuonyesha kichwa, tayari. Kisha aliyachemsha pamoja na mafuta ya ng'ombe aliyopewa na muuza nyama, yale ya kuzunguka utumbo ambayo hakuna aliyeyataka.

Sabuni ya kwanza ilikuwa nyeusi na laini kama ugali wa mtama, na ilinuka nyama. Mbwa walilamba nguo zetu kwenye kamba. Darasani walinisogelea na kunusa, wakauliza leo tumechinja nini. Nilipomwambia mama, alisema, "Wao wananuka nini? Mwulize huyo anayekunusa, mama yake anafulia nini." Kesho yake nilimwuliza. Jioni mama yake yule mtoto alikuja na bakuli kuomba sabuni.

Ndivyo ilivyoanza. Baada ya mwaka mama alipata soda kali, ile tuliyoiita kostiki. Mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka Sirari kwenda Kenya na kurudi ndiye aliyeileta, imefungwa ndani ya kanga kama mtoto. Ilikuwa vipande vyeupe, vikavu, vinavyofanana na chumvi ya mawe. Kwa soda ile sabuni ilikuwa ngumu, ya rangi ya maziwa, na mama aliikata kwa waya wa breki ya baiskeli ikatoka miche iliyonyooka. Muuguzi wa zahanati alikuja kununua. Walimu walikuja. Mke wa balozi alikuja kwa mlango wa nyuma. Mama alianza kuvaa viatu kwenda sokoni. Watu waliokuwa wakimwita mwanamke aliyeachwa wakaanza kumwita kwa jina la sabuni yake, na alilipenda jina lile. Nilimwona anavyotabasamu akiitwa.

Alinifundisha kazi vizuri. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalonichoma. Sheria ya kwanza aliyonifundisha ilikuwa kwamba soda ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, wewe ukisimama upande upepo unakotoka. Maji hayamiminwi juu ya soda. "Ukimimina maji juu yake inakasirika," alisema. "Inachemka yenyewe bila moto, na inaruka." Alinitaka niirudie mara tatu, nne, nikiisema kama aya ya Biblia.

Kisha wakaja watu wa serikali wa kukagua. Redio ilikuwa imesema kuhusu watu wanaoficha bidhaa, na mjini watu walishaanza kutupa vitu vyao vichakani. Mchele ulionekana umemwagwa kwenye mtaro. Mtu mmoja alizika mabati. Mama alisema sisi hatuna kitu, sabuni si bidhaa ya kuficha, lakini jikoni kulikuwa na debe lenye soda nusu, na soda ile ilikuwa imevuka mpaka bila karatasi.

Ilikuwa Jumamosi, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa napepeta mtama nje. Mke wa balozi alipita haraka, hakusimama, akasema akiwa anatembea, "Wako nyumba ya tatu. Kama una kitu, kiondoe." Mama aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Njia ya kwenda chooni ilionekana kutoka barabarani. Shimo la takataka lilikuwa wazi. Nilimwona akiangalia huku na huku, na uso wake ulikuwa uso nisioujua.

Aliniita ndani. Akaliweka debe sakafuni, akafunua mfuniko. "Leta maji," alisema. "Tuiyeyushe, tuimwage. Wakikuta maji ni maji tu."

Nikaleta ndoo. Nikasimama.

"Mimina."

"Mama, si ulisema soda ndiyo inaingia kwenye maji?"

"Mimina nimesema."

"Mama."

"Hunisikii? Mimina."

Nikamimina. Yeye alikuwa mlangoni, amegeuka kuchungulia nje. Debe lilinguruma kama lina mnyama ndani. Nakumbuka joto usoni, halafu nakumbuka kwamba halikuwa joto. Nilipiga kelele mara moja tu, kwa sababu mara ya pili mkono wa mama ulikuwa tayari mdomoni mwangu.

"Nyamaza," alisema. "Nyamaza mwanangu, watasikia. Nyamaza."

Alinikalia. Sitafuti neno zuri zaidi. Alinilaza sakafuni, akaniwekea goti kifuani na kiganja mdomoni, na kwa mkono wa pili akawa ananifuta jicho kwa ncha ya kanga. Mtungi wa maji ulikuwa pembeni, umejaa, nilikuwa nimeteka mimi asubuhi. Hakuugusa. Alikuwa anasikiliza nje. Tulisikia sauti za wanaume, tukasikia viatu, tukasikia mlango wa jirani ukigongwa. Kisha viatu vikaenda mbele. Walichukua magunia ya sukari nyumba ya pili kutoka kwetu, wakapakia, wakaondoka. Kwetu hawakuingia. Hata uani hawakuingia.

Walipoondoka alinimiminia maziwa ya ng'ombe jichoni, kama wafanyavyo watu kwa sumu ya nyoka anayetema. Alilia akiwa ananimiminia. Jicho lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

Hakunipeleka zahanati. Muuguzi yule alikuwa mteja wake na angeijua soda mara moja. Siku ya tatu, uvimbe ulipoanza kutoa usaha, aliniambia tunakwenda Butiama kwa mama mkubwa, dada yake aliyejua dawa za miti. Tulipanda lori la pamba, tukashuka njia panda, tukatembea. Alinishika mkono kwa upande wa jicho lisiloona. Njiani akaanza.

"Ukiulizwa umefanya nini jicho, utasemaje?"

"Soda."

Akasimama. Hakunipiga. Akachuchumaa mbele yangu barabarani. "Ukisema soda, watakuja kunichukua. Wadogo zako watabaki na nani? Baba yenu yuko wapi? Haya. Umefanya nini jicho?"

"Mnyaa."

"Uliingiaje?"

"Sijui."

"Ulivunja tawi ukalichezea. Nilikukataza, wewe ukalichezea. Uliingiaje?"

"Nilivunja tawi nikalichezea."

"Nani alikukataza?"

"Wewe."

Tuliyarudia maneno yale mpaka tukaiona nyumba ya mama mkubwa kati ya mawe. Sauti yake ilikuwa ileile aliyonifundishia sheria ya soda.

Mama mkubwa alinisikiliza, akatingisha kichwa. "Mtoto mkaidi kumbe," alisema. Mama alikuwa pale pale na hakusema kitu. Alilala siku moja akarudi Bunda kwa wadogo zangu. Mimi nilikaa kule mwezi mzima.

Siku mama alipoondoka, mama mkubwa alinivua gauni anifulie. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango. Kifuani lilikuwa na matundu madogo madogo, kingo zake za kahawia, kama limeliwa. Akaliangalia, akaniangalia shavu na shingo palipobabuka.

"Huu mnyaa wenu wa Bunda," alisema taratibu, "unatoboa na nguo?"

Nilitamani aulize tena. Kama angeuliza tena ningesema. Alilikunja gauni, akalitia motoni, akaniletea la binti yake. Basi na yeye alijua, akaamua kumficha mdogo wake. Hata leo sijui nimlaumu au la. Lakini kuanzia siku ile nilijua kwamba mtu mzima anaweza kuona jambo na kulitia motoni.

Alinikanda kwa majani, akaniombea, uvimbe ukaisha. Jicho lilifunguka likiwa na utando mweupe, kope ya chini imeshikana na jicho lenyewe. Mganga wa zahanati ya kule, tulipokwenda hatimaye, alisema tumechelewa, na akaandika kwenye karatasi kile alichoambiwa.

Niliporudi Kabasa nilikuta nimekuwa mfano. Balozi alikuwa ameamuru minyaa ya karibu na shule ikatwe. Wanawake walinionyesha kwa kidole kwa watoto wao: "Mnamwona dada yenu? Alikatazwa akajifanya hasikii." Watoto waliniita Mnyaa. Mchungaji alinitumia siku moja kwenye mahubiri ya utii, hakutaja jina, lakini kanisa zima liligeuka. Mama alikuwa ameketi mstari wa mbele na akina mama. Yeye hakugeuka. Nilimwangalia kisogo mpaka wimbo ulipoanza.

Yeye aliendelea na sabuni. Ukaguzi ulipoa, yule mwanamke wa Sirari akarudi na kanga yake, na baada ya miezi michache nilikuwa nakoroga tena. Jambo moja lilibadilika. Wakati wa kutia soda alinitoa nje, akafunga mlango, akafanya peke yake. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Tulikuwa tumejifunza kukaa hivyo. Usiku alinikagua mgongo kama nina vipele, akanikatia kucha, akanipa kipande kikubwa cha samaki. Vyote hivyo alifanya. Kusema hakusema.

Sabuni ile ilitusomesha, sikatai. Nilimaliza sekondari Musoma. Nilitaka uuguzi. Kwenye usaili mama mmoja mwenye miwani aliniuliza jicho limefanya nini, nikajibu kwa haraka kama mtu aliyekariri, "Nilikuwa mtoto mkaidi, nilichezea mnyaa." Wakatazamana wakacheka kidogo, kwa upole. Sikuchukuliwa. Walisema kazi ya sindano inataka macho mawili. Nikaenda ualimu.

Wakati huo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Maduka ya Bunda yalijaa kwa ghafla, kama ghala lililokuwa limefungwa na mtu aliyekuwa na ufunguo mfukoni siku zote. Mitumba ilikuja, baiskeli zikaja, na sabuni ikaja ya kila rangi. Kwanza miche ya bluu kutoka Kenya, halafu sabuni ya unga kwenye vipakiti vidogo ambavyo hata mtoto angeweza kutumwa kuvinunua. Muuguzi aliacha kuja. Walimu waliacha. Mke wa balozi alipita mbele ya mlango, siyo wa nyuma, akiwa na kipakiti mkononi, akasalimia vizuri.

Mama alisema sabuni ya unga inachubua nguo na wataona. Aliendelea kupika kwa miezi mingi bila mnunuzi. Nilipokwenda likizo nilikuta miche imepangwa kwenye sanduku chini ya kitanda, imepasuka na kuota unga mweupe. Alikuwa anafulia yeye mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imekauka kama ya mtu mwingine aliye mzee zaidi. Nilimhurumia. Nikafikiri, sasa biashara imekwisha, hakuna wa kumkamata, hakuna mteja wa kukimbia. Sasa atasema.

Nikamwambia, "Mama, siku hizi watu wanauza kostiki dukani. Hakuna kosa tena."

"Najua."

"Basi tuwaambie hata hawa wadogo zangu jicho langu lilikuwaje."

Aliendelea kuchambua mchele. "Mambo ya zamani hayo," alisema. "Ukisema soda au ukisema mnyaa, jicho linarudi?"

Niliolewa Musoma, nikapata watoto wawili. Jicho la kulia lilipoanza kuuma mwalimu mwenzangu aliniambia kuna daktari wa macho amekuja hospitalini kwa wiki moja. Alikuwa mwanamke, kijana kuliko nilivyotegemea. Alimaliza la kulia, akasema ni uchovu na miwani itasaidia. Kisha akahamisha taa yake kwenye la kushoto.

"Hili lilikuwaje, mama?"

"Mnyaa. Nilikuwa mtoto."

Aliinamisha kichwa changu, akaivuta kope ya chini ambayo haivutiki. Alilichunguza sana.

"Nani alikuambia ni mnyaa?"

Niligeuza uso kutoka kwenye taa.

"Sisemi haiwezekani," alisema. "Lakini macho ya mnyaa nimeshaona mengi. Hili linafanana na jicho lililoingiwa na chokaa au soda. Hakuna aliyekuwaga anatengeneza sabuni nyumbani kwenu?"

Nilisema yupo. Ilikuwa mara ya kwanza, na nilimwambia mtu ambaye sikujua hata alikotoka. Aliacha kuandika.

"Walikuosha na nini?"

"Maziwa."

"Hamkuwa na maji?"

"Yalikuwepo. Mtungi ulikuwa umejaa."

Alisema kama mtu anayesoma maelekezo, "Ni maji. Maji mengi, papo hapo, nusu saa nzima bila kuacha. Pengine lingepona. Pengine lingebaki na nusu."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Bunda. Nilimkuta mama uani anaanika dagaa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanitazama usoni, akajua nimekuja na neno. Nilimweleza alichosema daktari. Nilimweleza yote, na maji.

Alisimama na dagaa viganjani.

"Nilikuwa na watoto wanne," alisema. "Walikuwa wanachukua watu. Ningechukuliwa, mngekula nini?"

"Hawakuingia hata uani kwetu, mama."

"Ningejuaje?"

"Na walipoondoka? Mtungi ulikuwa pale."

"Sikujua habari ya maji. Nani alijua? Wewe ulijua?"

"Na baadaye, nilipopona? Kanisani? Ungesema hata kwa wanangu. Miaka yote hii nimeitwa mkaidi."

Alimimina dagaa kwenye ungo, akawatandaza kwa vidole, mmoja mmoja, na hakukuwa na haja ya kuwatandaza hivyo.

"Baadaye watu walikuwa wameshajua ni mnyaa," alisema.

Nilisubiri neno moja, lolote, hata la kunikaripia. Akaniuliza kama nitakula kabla ya kurudi. Nikasema basi linaondoka saa nane.

Niliendelea kumtumia fedha na nguo. Aliendelea kuniletea mihogo kwa mtu anayekuja Musoma. Aliugua kifua, nikamleta kwangu, nikamwogesha kwa mikono yangu mpaka alipoomba arudishwe kufia kwake. Mara mbili alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanitazama muda mrefu, nikafikiri ndiyo sasa. Akasema nimekonda.

Siku ya pili ya msiba tulikuwa wenyewe ndani, sisi watoto wanne. Waombolezaji nje walikuwa wanamsifu kwa ile miaka ya shida, jinsi alivyowavisha watu nguo safi. Nikawaambia wadogo zangu. Niliwaambia kwa sauti ya chini, tangu mke wa balozi mpaka daktari. Dada zangu wawili waliinama. Kaka yangu mdogo, ambaye siku ile ya debe alikuwa mgongoni mwa jirani, ndiye aliyejibu.

"Dada, tumemzika jana, leo unamchafua?"

"Simchafui. Nawaambia jicho langu."

"Ameshakufa. Unataka tumfanyeje?"

"Nataka mjue tu."

"Sawa," alisema, akasimama. "Tumejua. Lakini nje usiseme."

Akatoka kuwahudumia wageni chai. Mmoja wa dada zangu aliniletea kikombe baadaye, akakaa karibu nami, na alipoitwa akaenda. Nilirudi Musoma siku ya tatu, kabla ya kuanua matanga. Nilisema shule inafunguliwa.

Kaka yangu ananiandikia kila Krismasi. Anauliza hali ya watoto, anaeleza mvua na bei ya pamba, anaandika kwamba nyumba ya mama imepata mpangaji mzuri. Ninamjibu kwamba sisi hatujambo.